Violeth wa Masieda

Mimi ni mtu wa kutunza karatasi, na Masieda nzima inanicheka kwa hilo. Kwenye kabati langu kuna kopo kubwa la maziwa ya unga, na ndani yake kuna kadi za kliniki za watoto ambao sasa wameota ndevu, vyeti vya ubatizo, hata karatasi ya chanjo ya ng'ombe ambaye tulishamla kwenye harusi. Tabia hii aliniachia kaka yangu Emanuel. Alikuwa katibu wa kigango chetu, na hakutupa karatasi yoyote, hata iliyofungiwa sukari, bila kuisoma kwanza. Alipofariki nilirithi kopo lake, nikarithi na binti yake Violeth, ingawa binti nilimpata nusu tu. Mama yake, wifi yangu Judith, aliolewa tena huko Dirma, upande wa Hanang, akaondoka naye. Huwa nasema sikumlaumu, lakini nilimlaumu sana.

Violeth akasoma sekondari huko huko Dirma, likizo anakuja kwangu. Kila alipokuja nilimwomba karatasi zake kabla hajanywa hata chai, nikazitia kwenye kopo. Kwa hiyo siku aliyofika uso umemvimba kwa kulia, akaniambia shule imekataa kumpa cheti cha kumaliza kwa sababu vitabu viwili vya maktaba havijarudi, sikushtuka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri mtu anidai ushahidi.

Nikamwuliza kama kweli alivirudisha. Akaapa kwamba alivirudisha vyote, cha baiolojia na cha kemia, na dada wa maktaba akampa kikaratasi, na kikaratasi akaniletea mimi. Nikafungua kopo, nikachimba, nikavikuta viwili: kile cha siku aliyoazima na kile cha siku aliyorudisha, vyote vina muhuri wa shule. Nikavitia katikati ya Biblia visikunjike. Nikamwambia aache kulia akaoge, kesho yake tunakwenda Dirma kuwaonyesha hao watu.

Alikuwa na sababu ya kulia. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwita, na anatakiwa kuripoti Jumatatu akiwa na cheti mkononi. Asiyekuwa nacho nafasi yake anapewa mwingine, na hawangoji. Kaka yangu alikuwa akisema tangu huyu mtoto anatambaa kwamba atakuwa nesi, kwa sababu alipenda kuwafunga kuku miguu kwa vitambaa. Mimi nilishatangaza kanisani kwamba anakwenda.

Tukafika shuleni jua limeshapanda. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akamwita mwalimu wa maktaba. Huyo mwalimu, Felician, ni kijana msafi sana, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na alikuwa mgeni shuleni pale. Aliyekuwa akihudumu maktaba wakati wa Violeth alikuwa mama mmoja anaitwa Helena, na alishaondoka kwenda kujifungua. Nikamsikiliza Felician akieleza kwa adabu kwamba kompyuta inaonyesha Violeth Emanuel anadaiwa vitabu viwili. Nilimwacha amalize. Kisha nikafungua Biblia, nikakiweka kikaratasi mezani kwa kishindo.

Felician akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Mama, hapa limeandikwa jina la nani?"

Nikavaa miwani. Kikaratasi kiliandikwa hivi: *Violeth wa Masieda. Baiolojia na kemia. Vimerudi.* Basi. Jina la Emanuel halikuwepo. Nikatafuta nyuma, nikatafuta chini ya muhuri, kana kwamba jina linaweza kujificha chini ya wino. Nikachukua kile cha kuazima. Hicho kilikuwa sawasawa: *Violeth Emanuel*, mwandiko ule ule, herufi zile zile zimelalia upande mmoja. Nilikuwa nimekitunza kikaratasi kama dhahabu na sikuwa nimewahi kukisoma.

Felician akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kumbe kidato kile kulikuwa na Violeth wawili kutoka Masieda. Mwingine ni Violeth Xavery, binti wa jirani yangu, yule aliyeolewa Babati, naye alikuwa ameazima vitabu vya masomo hayo hayo. Felician alipofika na kuanza kuingiza kumbukumbu za maktaba kwenye kompyuta, alikuta nakala ya kikaratasi hiki imeandikwa Violeth wa Masieda. Akaangalia, akaona Violeth Emanuel hakuandikwa hivyo alipoazima, akaamua huyu atakuwa Violeth Xavery. Violeth Xavery akapewa cheti chake mapema, akaenda zake kwa mumewe. Wangu akabaki mwizi wa vitabu.

Nikauliza, kwani vitabu vyenyewe si vipo kwenye rafu? Si waangalie namba? Felician akainamisha kichwa kidogo. Vitabu vilikuwa vimechakaa, akasema, na likizo yote alikaa anavishona upya, akavivisha majalada mapya ya manila na kuvipa namba mpya. Nilikwenda kuviona. Vilikuwa vimepangwa vizuri kwelikweli, vyote vinafanana, na namba zote za zamani zilikuwa zimefunikwa. Kijana wa watu kwa usafi wake alikuwa amezika ushahidi wote.

Mkuu wa shule akasema hawezi kutoa cheti kwa kikaratasi kisicho na jina kamili, wala hataki tulipe, kwa sababu akianza kupokea malipo hatabaki na kitabu. Hata mimi sikuwa nimekwenda kulipa. Anayelipa amekubali kwamba alipoteza. Mwisho akatoa njia. Helena yupo kwa wakwe zake, si mbali sana. Felician aende na sisi, amrekodi kwa simu akitaja jina kamili la mwanafunzi aliyempa vitabu vile siku ile. Jina la kwanza na jina la baba. Akirudi na sauti hiyo, cheti kinatoka siku hiyo hiyo.

Ilikuwa kazi ndogo sana. Kusema majina mawili.

Tukachukua pikipiki mbili, Felician mbele, mimi na Violeth nyuma. Mlima Hanang ulikuwa umevaa mawingu, na vumbi la uwandani lilinijaa kinywani, lakini sikuwa naliona, nilikuwa nawaza kile kikaratasi. Mtu hawezi kuandika jina vizuri leo, halafu kesho akaliruka. Kuna mtu alimwambia aliruke. Nilimwona wifi yangu Judith kichwani, nikamwona na huyo mumewe mpya, wamekaa wanapanga jinsi mtoto atakavyoacha jina la marehemu taratibu, kwanza kwenye vikaratasi vidogo, halafu kwenye vyeti. Dereva aliposimama kuongeza mafuta, nikamvuta Violeth pembeni, nikamwuliza nani alimwambia Helena asiandike jina la baba yake.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Alisema siku ile Helena hakumwuliza hata jina. Alimtazama tu, akamwuliza anatoka wapi, akaandika.

"Na wewe hukusema kitu?"

"Alikuwa ananijua, shangazi. Tena zamani alikuwa ananiita kwa majina yote mawili, kwa utani, kama polisi. Halafu akaacha. Akawa ananiita wa Masieda."

"Aliacha lini?"

Akafikiri. "Baada ya Pasaka, ile ya mwaka juzi."

Pasaka ile Violeth alikuwa ameila kwa mama yake. Nikahesabu nikaona inakubali. Ndiyo hiyo, nikajisemea, walikaa Pasaka wakapanga.

Dereva wa pikipiki alilijua boma bila kuuliza. Kwa mzee Gidamis, alisema, yule mfugaji wa Kidatoga mwenye ng'ombe wengi. Tukalifikia, boma pana la miiba na nyumba mbili za bati ndani yake. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye zizi, amemshika ndama shingo, anamnywesha dawa kwa chupa. Mimi ni mtu wa adabu hata nikiwa na hasira. Nikasogea kwenye ua, nikasema, "Shikamoo, mzee Gidamis."

Hakuitika. Hakugeuka hata. Nikarudia kwa sauti zaidi, na yeye akaendelea na ndama wake, akatazama juu ya kichwa changu kama vile naongea na mtu aliyesimama nyuma yangu. Felician naye akajaribu, akapata kile kile. Violeth akaninong'oneza kwamba labda hasikii. Nilijua anasikia, kwa sababu ndama mwingine alipokohoa upande wa pili wa zizi aligeuka mara moja. Katika maisha yangu sijawahi kumpa mtu mzima shikamoo akaiacha chini. Nikaingia ndani ya nyumba nikiwa nimeshajeruhiwa, na sababu siijui.

Helena alitupokea kwa furaha. Ni mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, sauti ya chini. Alimkumbatia Violeth akasema, "Wa Masieda, umekua!" Mimi nikaumia tena. Mama mkwe wake alikuwepo, ameketi karibu na mlango anashona shanga kwenye ngozi, akatuitikia shikamoo zetu vizuri kabisa, na Helena akatuletea chai ya maziwa mengi. Felician akaeleza kilichotuleta. Helena akasikitika, akampa Violeth pole, akasema mara moja, bila kuulizwa mara mbili, kwamba vitabu vilirudi na yeye ndiye aliyevipokea. Alikumbuka kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na cha baiolojia kilikuwa na doa la wino kwenye picha ya chura. Violeth akaitikia kwa kichwa. Nikaona tumemaliza, nikaanza kuipenda ile chai.

Felician akaiweka simu yake juu ya kigoda mbele ya Helena, akabonyeza, akamwambia aseme.

"Mimi ni Helena," akasema, "nilikuwa mhudumu wa maktaba. Nilipokea vitabu viwili kutoka kwa mwanafunzi Violeth." Akampigapiga mtoto mgongoni. "Violeth wa Masieda."

Felician akamwomba aseme jina kamili. Helena akarudia maneno yote kwa utaratibu, na alipofika pale pale akasema Violeth wa Masieda. Felician akamweleza tena, kwa upole, kwamba Violeth wa Masieda wapo wawili, na mkuu anataka jina la baba. Helena akamtazama Violeth, akatazama sakafu.

"Violeth ambaye baba yake alifariki," akasema.

"Anaitwa nani, huyo baba?"

"Mwalimu, siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

"Siwezi."

Hakuwa mkali wala hakuwa na kiburi. Alisema siwezi kama mtu anayeambiwa anyanyue ng'ombe. Mama mkwe alikuwa ameacha kushona. Nikauliza mimi sasa. Nikamwuliza kama Judith ndiye aliyemkataza. Akauliza Judith ni nani. Nikamwambia Judith ni mama wa huyu mtoto, asijifanye. Akasema hajawahi kumwona. Nikamwuliza kama mume wa Judith alifika maktaba. Akazidi kunishangaa, na nikaona kabisa kwamba hashangai kwa uongo. Tukabaki tunatazamana, yeye haelewi ninachouliza, mimi sielewi anachojibu, na Felician anatutazama sisi wote wawili.

Helena akafungua kinywa mara moja kama anayetaka kueleza. Akatazama mlangoni, kule kwenye zizi, akafunga.

Felician akaachana na simu, akasimama. Alisema anasikitika sana. Alisema yeye binafsi anaamini, lakini mkuu ametaka jina, na kama mpokeaji hawezi kulisema, hana cha kupeleka. Violeth hakulia kwa sauti. Aliweka kikombe chini taratibu, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na machozi yakawa yanadondokea kwenye kiatu. Hilo ndilo lililonishinda. Ningevumilia angepiga kelele.

Nikasimama katikati ya nyumba ya watu.

"Huyu mtoto ana baba," nikasema. "Hakuokotwa. Baba yake anaitwa Emanuel. Kuna ugumu gani hapo? Hata mtoto mdogo anaweza. Emanuel!"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. Helena akavuta shuka akajifunika uso. Niliona wanamkataa kaka yangu mbele ya macho yangu, na sikujizuia tena, nikaita kwa sauti yote niliyonayo, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde:

"Emanuel!"

"Naam," mtu akaitika nje. "Nakuja."

Nasema kweli, kwa muda mfupi sikujua niko wapi wala mwaka gani. Ilikuwa sauti nzito ya mwanaume, haina haraka, na ilijibu kama inavyojibu sauti ya mtu aliyeitwa nyumbani kwake. Nilishika ukuta. Kisha mlango ukawa giza, akaingia yule mzee wa zizini, chupa ya dawa ya ndama ingali mkononi, anatabasamu.

"Nani ananiita?" akauliza.

Felician ndiye aliyesema kwamba, samahani, sisi tulidhani mzee ni Gidamis.

Tabasamu likamwondoka kidogo. Akatueleza, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba Gidamis hayupo tena. Padri alimwaga maji Pasaka ya mwaka juzi, Gidamis akaondoka nayo. Yeye sasa ni Emanuel. Majirani wakaidi bado wanamwita lile la zamani, na dawa yao ni moja tu, haitiki. Wenye akili watajifunza.

"Shikamoo, mzee Emanuel," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Sisi wa Mbulu tumeishi na Wadatoga miaka yote. Tunauziana ng'ombe, tunaoleana, tunagombana, tunapatana. Najua, na kila mtu kwetu anajua, kwamba mwanamke wao akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hata jina likiwa la mtu mwingine kabisa, halimtoki kinywani. Violeth alijua, amesoma nao. Felician anatoka mbali, lakini hata yeye alishaambiwa. Sisi wote tulijua, tukakaa mle ndani tunamsonga mama wa watu aseme, kwa sababu akilini mwetu jina la kuogopwa ni la zamani, la kwao, lile la Gidamis. Hakuna aliyefikiria kwamba heshima inaweza kuhamia kwenye jina la ubatizo siku ile ile maji yanapokauka kichwani.

Nikamgeukia Helena, ambaye bado alikuwa amejifunika nusu uso.

"Ulipoanza kazi ulikuwa unaliandika," nikasema.

"Lilikuwa jina tu wakati huo, mama."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Ningesemaje?" akasema kwa sauti ya chini. "Ningeanzaje kueleza bila kulitaja? Na mwenyewe yuko pale nje anasikia." Kisha akasema kwamba siku Violeth alipoleta vitabu, alishika kalamu aandike kama zamani, na mkono ukakataa. Alikaa anafikiri aweke nini. Kuacha nafasi tupu aliona ni vibaya, ni kama mtoto hana kwao. Ndiyo maana akamwuliza anatoka wapi.

Nilikaa chini. Njia nzima nilikuwa nimewalaumu watu kwa kumfuta kaka yangu, na kumbe mahali pale jina lake lilikuwa limepanda juu kiasi cha kutoweza kuandikwa. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona raha ambayo siwezi kuieleza. Nilimwomba Helena msamaha. Akasema hakuna neno, ila kelele zile zimemwamsha mtoto, na akaniwekea huyo mtoto mapajani nimbembeleze.

Mzee alipoelezwa habari yote alicheka mpaka chupa ikamwagika. Halafu akawa mtu wa kazi. Akauliza simu inasikilizia wapi, akapiga goti mbele ya kigoda, akaisogezea mdomo.

"Mimi ni Emanuel, baba mkwe wa Helena," akasema. "Mkwe wangu alipokea vitabu vya Violeth Emanuel. Jina hilo yeye halisemi, na asipolisema hajakosea, amefanya vizuri. Mimi ndiye namsemea. Mpeni mtoto cheti chake."

Helena, bila kuonyesha uso wote, akaongeza kwamba alivyosema mzee ndivyo ilivyokuwa, na kwamba ni Violeth huyu aliyekaa hapa, si yule mwingine mfupi mwenye mwanya. Felician akasema inatosha.

Tulipoaga, mzee alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa anamtazama Violeth kwa udadisi, kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. Akamwuliza huyo Emanuel wake yuko wapi siku hizi. Violeth akasema alifariki zamani kidogo, yeye akiwa darasa la tatu. Mzee akaufuta mkono wake kwenye shuka kwa sababu ulikuwa na dawa ya ndama, akauweka juu ya kichwa cha Violeth.

"Basi mimi nipo," akasema.

Violeth akasema asante baba, akapanda pikipiki.

Mkuu wa shule alisikiliza ofisini maneno ya mzee na ya Helena. Akauliza kwa nini Helena mwenyewe hataji jina. Felician, ambaye alitoka shuleni akitaka jina kamili na si vinginevyo, akamjibu kwamba ni kwa heshima. Mkuu ni mtu wa huku huku. Akacheka peke yake, akatoa cheti kabatini. Violeth Emanuel, kimeandikwa, tabia njema. Alitaka hata kunitengenezea kile kikaratasi, akachukua kalamu aongeze jina lililopungua. Nilikinyakua mezani kabla kalamu haijagusa. Nikamwambia hakijapungua kitu.

Felician akatusindikiza getini. Akasema kuna jambo anaona haya kuniambia. Pale ndani ya nyumba alipoachana na simu hakuwa ameizima, alisahau, kwa hiyo ugomvi wangu wote uliingia. Akasema kama nataka ataukata, abakize maneno ya mzee tu. Nikamwambia asiguse. Nikamwomba anitumie kwenye simu yangu kama ulivyo.

Violeth yuko chuoni sasa. Kikaratasi kimerudi kwenye kopo, na safari hii nimekisoma. Lakini ile sauti haiingii kwenye kopo, iko kwenye simu, na simu yenyewe nimeikataza kuguswa na wajukuu. Jioni nikiwa peke yangu huwa naifungua. Napita maswali ya Felician, nasikia kikombe cha Violeth kikiwekwa chini. Halafu nasikia sauti yangu, kali, inaita Emanuel, na mtu anaitika, naam, nakuja.